Nani Alikuambia Nataka Kutoka Kwenye Pasi?

Mwalimu wenu wa cherehani ameniomba niwaandikie niliyojifunza kazini, kwa sababu, anasema, ninyi vijana mnadhani kushona ni mashine tu. Nimekaa na kalamu siku tatu. Mambo ya kushona ninayo mengi, na nitawapa kidogo kidogo humu njiani. Lakini jambo kubwa nililokutana nalo katika kazi ile halihusu kushona, na tena sijalielewa mpaka leo. Basi nitawaandikia hivyo hivyo, likiwa limejikunja, huenda mmoja wenu akalinyoosha.

Nilikuwa fundi wa hoteli. Hoteli yenyewe iko Kiyovu, hapa Kigali, jina sitalitaja, ina bustani kubwa na magari ya kifahari getini. Wageni hawajui kwamba hoteli ina fundi. Mimi nilikuwa chini kabisa, jirani na chumba cha kufulia, nikishona pindo la pazia, nikirudisha kifungo cha koti la mtu anayekimbilia mkutano, na nikishona sare za wafanyakazi wote, kuanzia mlinzi wa geti hadi mkurugenzi. Kila mwanzo wa mwaka niliwapima wote upya. Nilifanya hivyo miaka mingi, na mtu ukimpima miaka mingi unajua habari zake ambazo hajakusimulia.

Nisimame hapa niwape la kwanza la ufundi. Ukimzungushia mtu tepu kiunoni, anavuta tumbo ndani. Wote wanafanya hivyo, na wakubwa ndio zaidi. Usimwambie aachie tumbo, utamtia aibu. Muulize mchana amekula nini. Akianza tu kujibu, tumbo linarudi mahali pake, nawe unasoma tepu yako kimya kimya. Mhudumu wa meza mpime mkono ukiwa umekunjwa, kama amebeba sinia, la sivyo mkono wa koti utampanda hadi kiwikoni mbele za wageni. Mwanamke wa kusafisha vyumba mpime akiwa ameinama. Mlinzi mpime akiwa amekaa, kwa sababu, tusidanganyane, mlinzi anakaa.

Hayo nilifundishwa na Mzee Swedi, fundi wa Biryogo, ambaye babu yake alifika huku na biashara ya nguo kutoka pwani. Mungu amrehemu. Mzee Swedi hakugusa mkasi kabla ya kumuuliza mteja, "Ndani ya nguo hii utafanya nini?" Wateja wengine walichukia. Mama mmoja alimjibu kwamba yeye amekuja kushonewa na hakuja kuhojiwa. Mzee akamrudishia kitambaa chake, akamwambia, "Basi mama, kajishonee, maana mimi sijui utakaa, utainama au utacheza." Yule mama alirudi baada ya wiki, akajibu maswali yote.

Mimi somo hilo nililisikia, nikalicheka, nikalisahau. Mkurugenzi mmoja aliletewa picha ya magauni ya wanawake wa dobi, mazuri kweli, ya buluu, yenye vifungo vidogo vidogo mgongoni, kumi na moja kwa kila gauni. Akasema nayataka hivi hivi. Nikashona hivi hivi. Nilijisifu sana kwa vile vifungo, kila kimoja kimekaa mahali pake. Kumbe mwanamke akitaka kwenda chooni lazima amwite mwenzake amfungue, na akirudi lazima amwite tena amfunge. Mmoja akibaki peke yake zamu, anakaa amebana mkojo mpaka mwenzake aje. Hawakuniambia. Niligundua nilipoletewa gauni moja kurekebishwa, nikaona ubavuni limepasuliwa na kutiwa zipu kwa mkono, mshono mbaya lakini imara. Nikaangalia mengine. Yote yalikuwa na zipu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimetengeneza kitanda, kunguni na yote.

Mwenye kushona zipu zile alikuwa mke wangu, Hadija, Mama Salima. Naye alifanya kazi hoteli ile ile, kwenye pasi. Nilimuuliza nyumbani, "Mbona hukuniambia mimi, mume wako, fundi mwenyewe?" Akaniambia, "Hukuuliza, Baba Salima." Nikaona ni jibu la kuudhi. Nikala, nikalala.

Sasa nifike kwenye lile lililonichanganya.

Siku moja manesi walikuja hotelini kupima tansiyo ya kila mfanyakazi, yaani shinikizo la damu. Walipanga meza kwenye ukumbi wetu wa chakula. Ilikuwa kama sikukuu, watu wakitaniana. Sote tulijua nani atakutwa mgonjwa. Mkurugenzi, bila shaka. Yeye ndiye mwenye simu tatu, ndiye anayegombana na wenye hoteli, ndiye anayeondoka wa mwisho. Tangu utotoni nilisikia kwamba tansiyo ni ugonjwa wa wakubwa, wenye mawazo mengi na nyama nyingi. Mkurugenzi akakaa, akafungwa kile kitambaa mkononi, mashine ikapumua. Nesi akasema uko vizuri. Mpishi mkuu akapayuka kwamba mashine imekufa, wabadilishe betri. Wakabadilisha. Mkurugenzi bado alikuwa vizuri.

Halafu wakaingia watu wetu wa chini, wa kusafisha vyumba, wa kuosha vyombo, wa dobi. Mmoja baada ya mwingine nikawaona wanatoka na karatasi ya kwenda hospitali. Utani ukapungua. Nilipofika mimi, nesi alitabasamu akasema, "Muzehe, una tansiyo ya kijana." Nilitembea na sentensi hiyo wiki nzima. Hadija alitoka na karatasi.

Hapo ndipo akili yangu ilipokwama. Kwa mkurugenzi ningeweza kusema ana gari, ana daktari wake, analala kwenye godoro zuri. Lakini mimi na Hadija? Tulikula sahani moja. Tulilala kitanda kimoja, Nyamirambo, tukapanda kilima kile kile, tukaenda kazini kwenye jengo moja, bima moja, mkate wa hoteli ule ule wa saa nne. Nikafikiria chumvi. Lakini anayeongeza chumvi mezani ni mimi. Nikafikiria ukoo. Mama yake aliishi mpaka meno yakaisha, na baba yangu ndiye aliyeanguka ghafla sokoni. Nikafikiria unene. Kiuno chake ninacho kwenye daftari langu, hakikuongezeka hata sentimita mbili tangu tuoane, na changu sitawatajia. Ibada? Ananishinda. Nilizunguka kila upande nikajikuta nimerudi mlangoni.

Leo naweza kuwaonyesha tofauti iliyokuwepo, ila wakati ule niliiona kila siku bila kuipa uzito. Chumba changu kilikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikaa mfukoni mwangu. Mkurugenzi akija na suruali anaitaka sasa hivi, nilimwambia, "Kesho saa nane, bosi," naye aliondoka, maana hapakuwa na fundi mwingine. Nikitaka nilianza na mapazia, nikitaka nilianza na makola. Adhuhuri nilifunga mlango nikaenda kuswali, nikarudi nikala, nikajilaza kidogo juu ya mapazia. Msimwambie mtu.

Hadija alikuwa na ubao. Ubao mweupe ukutani, umeandikwa programu ya zamu za wiki kwa kalamu inayofutika. Msimamizi wao, Madamu Konsolata, aliuandika kila Jumamosi jioni, na katikati ya wiki aliufuta na kuuandika upya. Wanawake walisimama mbele ya ubao ule wakiwa wamenyamaza. Hakuna aliyejua Jumapili kama Jumatano atakuwa asubuhi au jioni. Ruhusa ya Hadija ya kwenda harusi ya mdogo wake, iliyopangwa mwaka mzima, ilifutwa kwenye ubao ule siku mbili kabla. Harusi aliisikia kwa simu, akiwa amesimama kwenye pasi, vigelegele vikipigwa upande wa pili.

Nilikwenda kumlaumu Konsolata. Akashika kichwa. "Muzehe, mimi iko naandika tu," akaniambia. "Huko juu wanapiga simu, wageni iko wengi, wageni iko kidogo, mimi nafanya je? Na mimi programu yangu siijui. Mana yanjye, Mungu wangu, umva, sikia, we unafikiri mimi napenda?" Nikamwangalia. Naye nilikuwa nimempima Januari, gauni lake nililipunguza pande zote mbili. Nikarudi kwenye cherehani yangu nikiwa sina wa kumkasirikia.

Vijana, sasa nakuja kwenye kosa langu, na si la vifungo.

Niliamua kwamba kinachomuua mke wangu ni joto. Chumba cha pasi kilikuwa na mvuke kutwa nzima, ukiingia na miwani huoni kitu. Wanawake wanne walisimama mle wakitoka jasho, na kusema kweli wakipiga kelele na kucheka mpaka mimi nikagonga ukuta. Jirani yake palikuwa na lenjeri, stoo ya mashuka na mataulo. Pale mtu anakaa kwenye kiti, penye ubaridi, kazi yake kupokea simu na kutoa mashuka. Mama wa lenjeri alikuwa anastaafu. Nikamwendea Konsolata kimya kimya. Nilikuwa nimemshonea gauni la ubatizo wa mtoto wake, hakuweza kuninyima. Jumamosi ile jina la Hadija likahamia lenjeri.

Nilimsubiri nyumbani nikijua atanishukuru. Aliingia, akavua viatu, akasema, "Wamenihamisha." Nikamwambia kwa majivuno kwamba ni mimi. Akasema, "Haya." Mimi nikaichukua ile haya kuwa asante.

Lenjeri ilikuwa na simu moja, nyeusi, ya ukutani. Ghorofa yoyote ikikosa kitu inapiga. Mashuka mawili, haraka. Taulo kubwa, haraka. Mto wa mgeni mwenye mafua, haraka. Aliye lenjeri haruhusiwi kuikosa. Akienda kuswali, simu inalia. Akienda kula, simu inalia, na anayepiga anakwenda moja kwa moja kwa Konsolata. Hadija akaanza kula akiwa amesimama. Adhuhuri yake akaisukuma mpaka ikakutana na Alasiri. Nilipita mara nyingi nikamwona ameketi kwenye kiti chake, penye ubaridi, mikono mapajani, anaiangalia simu ambayo haijalia. Nikasema moyoni, alhamdulillah, anapumzika.

Baada ya miezi michache walimkuta ameanguka kati ya rafu, juu ya mashuka safi, mdomo umepinda upande mmoja. Nilitoka mbio na tepu yangu shingoni. Mpaka hospitali, tepu bado iko shingoni, na nesi aliniuliza kama mimi ni fundi wa hospitali. Kiharusi, wakasema. Kidogo, wakasema, mshukuru Mungu, lakini mkono wa kushoto haukusikia. Nilikaa kwenye benchi la korido nikalia, mwanamume mzima, na sioni aibu kuwaambia.

Siku ya tatu ulimi wake ulirudi sawasawa. Nilikuwa namlisha uji. Akausukuma mkono wangu, akaniuliza, "Baba Salima, nani alikuambia nataka kutoka kwenye pasi?"

"Kulikuwa na joto, Mama Salima. Nilikuonea huruma."

"Joto nilikuwa nimelizoea. Kwenye pasi tulikuwa wanne. Mmoja akienda kuswali, watatu wanashika kazi yake. Tukitaka tunaanza na mashuka, tukitaka tunaanza na vitambaa vya meza, hakuna aliyetuuliza mradi zimeisha. Programu wanaandika wao, sawa, lakini tukishafunga mlango wa pasi, mle ndani ni kwetu. Tulikuwa tunacheka. Wewe ukanitoa, ukanipeleka kukaa na simu."

Nikaendelea kushika kijiko. Daktari alipopita nilimfuata koridoni nikamuuliza kama kungoja simu kunaweza kumpandishia mtu tansiyo. Alikuwa daktari mzuri, ana wagonjwa wengi. Alinisikiliza, akasema kuna mambo mengi yanayoipandisha, nisimwache asahau dawa, chumvi apunguze, atembee. Nikaandika yote.

Mnaona kwamba hadithi ingeishia hapo, kama mtu ana akili. Fundi amekosea, fundi ameambiwa, fundi amejifunza. Lakini mimi sikujifunza, na hili ndilo ninalotaka mlisome polepole.

Tulistaafu mwaka mmoja, yeye kwa ugonjwa, mimi kwa umri. Mkono wake ulikuwa umerudi, si wote, lakini unashika. Nikajiambia, sasa hakuna ubao, hakuna simu, hakuna Konsolata, tansiyo itashuka yenyewe. Na ili ishuke haraka, nikachukua kadibodi ya boksi la mashati, kalamu nyekundu na ya buluu, nikaandika. Saa kumi na mbili kuamka. Kumi na mbili na nusu dawa. Saa moja kutembea. Saa mbili uji, bila chumvi. Saa nne kupumzika, na hiyo kupumzika niliipigia mistari miwili. Wageni saa kumi tu. Nikaibandika jikoni. Sufuria zake nikazishusha rafu ya chini ili asiinue mkono, na alipotafuta mwiko hakuupata. Binti yetu Salima alipokuja akasimama mbele ya kadibodi ile, akasoma, akacheka, akanyamaza. Watoto nao wana adabu zao.

Hadija alifuata yote. Dawa hakukosa. Alitembea saa moja kamili, mimi nikiwa nyuma na saa yangu. Tansiyo ikakataa kushuka. Kliniki wakaongeza dawa, ikakataa. Nikadhani nimekosea saa, nikausogeza uji mbele, matembezi nyuma. Niliogopa sana siku zile. Nilikuwa naamka kabla yake nisikilize kama anapumua.

Halafu ikaja ile Jumapili ya mwezi barabara zinapofungiwa magari, watu wakakimbia na kuendesha baiskeli. Tulikuwa tumekwenda kwa Salima, Kicukiro, tukateremka wote hadi Sonatubes. Ile njia panda ambayo siku nyingine unavuka ukiwa umeshika roho yako mkononi, siku ile watoto waliilalia. Palikuwa na hema na manesi wanapima watu bure. Nesi wetu alikuwa binti mdogo, aliyekulia Tanzania, maana alitupa shikamoo zetu zote mbili kabla ya kutugusa. Akampima Hadija, akarudia, uso ukabadilika.

"Mama, dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Chumvi je?"

"Nimesahau ladha yake, mwanangu."

"Na mazoezi unafanya. Sasa, nyumbani siku yako anaipanga nani, mama?"

Mimi ndiye niliyejibu, tena kwa sauti, mkono kifuani, nikijua nasifiwa. "Mimi! Mimi ndiye ninayempangia. Kila kitu kimeandikwa, mwanangu, kuanzia kuamka mpaka kulala."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini mimi hata sifa sikuingoja. Yule binti akasema, "Hongera, baba." Akaandika kitu. Kisha akaniuliza, taratibu, bila ubaya wowote, "Na mama anapenda kufanya nini?"

Nilifungua mdomo. Nilimpima mwanamke huyu nguo zake zote tangu ujana. Najua bega lake la kulia limeshuka kidogo kuliko la kushoto. Nikatafuta jibu, nikamtazama Hadija anisaidie, naye alikuwa anatazama watoto wanaoendesha baiskeli, mdomo ameukaza, na nilijua anajizuia asicheke au asilie. Sikujua ni kipi. Watu walikuwa wanangoja nyuma yetu. Tukainuka.

Kesho yake niliamka nikakuta kadibodi haipo ukutani. Hadija alikuwa ameilaza mezani, upande ulioandikwa chini, anaikata kwa mkasi wangu mkubwa. Alikuwa anakata patani ya foronya ya mto.

"Nakwenda Gisozi," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa Spesioza, tulikuwa naye kwenye pasi. Anavisha viti vya mafundi wa mbao pale Agakiriro. Anataka mtu wa kushona foronya. Mshono ulionyooka tu, nitauweza."

"Na mkono?"

"Mkono ninao mimi."

"Unakwenda lini?"

"Sasa. Ile cherehani ndogo naichukua."

Sikuwahi kuambiwa neno "naichukua" kuhusu cherehani yangu. Nilifikiria vumbi la mbao, mapikipiki, kilima cha Gisozi, kelele za kuchomelea vyuma. Nilikuwa na sababu kumi za kumkataza, na zote zilikuwa nzuri. Nikaibeba cherehani mpaka barabarani, nikamfungia kamba kwenye teksi, nikarudi nyumbani nikakaa jikoni.

Sasa hapa ndipo nawaomba mnisaidie. Baada ya miezi, tansiyo ilianza kushuka. Kliniki wanasema ni ile dawa mpya iliyoongezwa, imekubali. Salima anasema ni kilima, anakipanda kila siku. Spesioza anasema ni kucheka. Mimi nikitaka kusema ni kwa sababu hakuna anayempangia, nakumbuka kijana mmoja wa pikipiki aliyeniambia yeye ni bosi wa nafsi yake, na tansiyo anayo tangu mwaka jana. Nikamuuliza kama anajua kesho ataamkia wapi na atarudi saa ngapi. Akasema inategemea mvua, inategemea polisi, inategemea simu ya mteja. Nikamwambia basi mbona hao mabosi wako ni watatu tayari. Akacheka, lakini sikumaliza kulifikiria. Na hawa wa hotelini, wanaosimama mbele ya ubao, nani atawafungia cherehani kwenye teksi? Hadija aliondoka kwa sababu alikuwa amekwisha kustaafu, tuna nyumba, na watoto wamekua. Konsolata hawezi kuondoka. Sijui. Nikilishika jambo hili hapa, linatoka kule.

Ninachojua ni kidogo. Mtashona sare nyingi ninyi, kwa sababu Kigali sasa kila mtu ana sare. Atakuja bosi na picha. Mkubalieni picha yake, lakini kabla ya mkasi nendeni mkamwulize atakayeivaa. Muulizeni ataweka wapi dawa zake, ataweka wapi simu yake, atakwendaje chooni. Mkienda nyumbani mkaulize huko pia. Mimi niliweza kumwuliza mgeni wa Ubelgiji anataka suruali iguse kiatu au isiguse.

Wiki iliyopita Hadija hakurudi saa aliyozoea. Nikapiga simu, haipokelewi. Nikapiga tena. Akilini nikamwona amelala kati ya mbao, mdomo umepinda upande. Nikachukua pikipiki nikiwa na kandambili, nikamwambia dereva Gisozi, haraka, na njia nzima nilikuwa naomba dua zisizo na mpangilio. Pale Agakiriro nilipita kati ya vitanda, makabati, mafundi wananiita, "Muzehe, karibu, kiti kizuri iko hapa!" mpaka nikafika kwa Spesioza.

Hadija alikuwa ameketi kwenye sofa la kuuzwa, viatu amevua, kikombe cha chai mkononi, anamwambia fundi wa mbao mwenye mwili mkubwa kama mlango, "Wewe ngoja. Nakunywa chai kwanza." Yule fundi akangoja.

Akaniona. "Baba Salima. Umekuja kunichukua?"

"Nimepiga simu, hupokei. Nikaogopa."

"Simu iko kwenye mkoba, mashine zinapiga kelele. Pole. Niko mzima, niangalie."

Nikamwangalia. Alikuwa mzima, ana vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Utarudi saa ngapi?" nikamuuliza.

Alifikiria. Alikunywa funda, akatazama foronya zilizobaki, akatazama mlangoni, akanigeukia.

"Bado sijajua," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha tupu.

Nikatafuta kiti ambacho hakijavishwa kitambaa, nikakaa, nikamngoja.